Kilo 25 za potasiamu: zirudi kwa mabua, samadi, majivu au mfuko wa dukani?

Eka moja ya viazi mviringo ikitoa gunia 60 za kilo mia mia, imetoa pia kitu ambacho dalali hakipimi: potasiamu, kirutubisho cha mmea, kama kilo 25. Kila kilo ya kiazi kibichi imebeba gramu 4 na ushee. Lori likishapakia na kushika njia ya Makambako kwenda Dar es Salaam, kilo hizo zimekwenda nalo, na desturi yetu ya mbolea haizirudishi. Tunapandia DAP (naitrojeni na fosforasi), tunakuzia urea au CAN (za naitrojeni). Mifuko hiyo yote mitatu haina potasiamu hata chembe.

Huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Njombe na Makete hadi milima ya Mbeya, mzunguko uliozoeleka ni viazi, halafu mahindi, halafu maharage au njegere. Ni mzunguko mzuri, na wengi tunaufuata kwa sababu ya mnyauko bakteria unaoua viazi vikirudiwa pale pale. Lakini kila zao katika mzunguko huo linachukua potasiamu kwa namna yake, linaibeba sehemu tofauti ya mwili wake, na linaondoka au kubaki nayo kwa namna yake. Mkulima akiniuliza aweke mbolea gani ya potasiamu, mimi huanza kwa kumuuliza: mabua ya mahindi yako yako wapi sasa hivi?

Zao lipi linaondoka na nini

Haya ni makadirio ya eka moja, kwa mavuno ambayo mkulima anayejitahidi anayapata:

| Zao | Mavuno | Potasiamu inayokwenda na mavuno | Potasiamu iliyomo kwenye mabua na majani |
|---|---|---|---|
| Viazi mviringo | gunia 60 | kilo 25 | hubaki shambani yenyewe |
| Mahindi | gunia 20 | kilo 6 | kilo 25 hivi |
| Maharage | gunia 5 | kilo 7 | si pungufu sana ya kilo 7 |

Tazama mstari wa mahindi. Mhindi unakunywa potasiamu nyingi kama kiazi, na karibu yote unaikusanya mapema, kabla na wakati wa kutoa mbelewele. Lakini punje haziihitaji sana. Sehemu kubwa inabaki kwenye bua na majani. Kwa hiyo anayevuna punje na kuacha mabua shambani ameondoa kilo 6 tu, na anayeswaga kila kitu hadi nyumbani ameondoa zaidi ya 30. Zao ni lile lile, jirani na jirani, na tofauti yake ni mara tano.

Maharage nayo yanashangaza wengi. Tunayasifu kwa naitrojeni, na sifa hiyo ni ya haki, lakini punje ya maharage ina potasiamu nyingi kuliko punje ya mahindi kwa karibu mara tano, kilo kwa kilo. Kisha sisi tunang'oa mche mzima, tunaubeba hadi uani, tunapiga huko huko, na makapi yanaishia kwa ng'ombe au motoni. Maharage hayaongezi potasiamu shambani. Yanachukua.

Ukijumlisha mzunguko wote wa misimu mitatu: mabua yakibaki, shamba linapoteza kama kilo 38. Mabua ya mahindi yakiondoka, linapoteza kama 63, bila kuhesabu makapi ya maharage.

Udongo una akiba, lakini funguo zake ni chache

Kuna wanaosema udongo wetu una potasiamu ya kutosha, hauhitaji kuongezwa. Walikuwa na haki zamani, na baadhi yao wana haki hata leo. Udongo mwingi duniani una potasiamu tele ukiipima yote kwa pamoja. Taabu ni kwamba zaidi ya asilimia 90 yake imefungwa ndani ya madini ya mawe yenyewe, na inatoka kwa kasi ya jiwe kuoza. Sehemu nyingine imebanwa katikati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi, na inaachiliwa polepole. Inayoshikwa juu juu ya chembe za udongo na mboji, ambayo mzizi unaweza kuifikia msimu huu, ni asilimia 1 au 2 tu. Na ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, tayari kunywewa, ni kidogo zaidi ya hapo.

Udongo mwekundu wa zamani, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, una nafasi ndogo ya kushika na akiba ndogo ya nyuma. Udongo mchanga wa asili ya volkano, kama ule wa upande wa Rungwe, kwa kawaida una akiba kubwa zaidi. (Nasema mchanga kwa maana ya umri, udongo wa kichanga ni jambo jingine, na huo ndio unaopoteza potasiamu haraka kuliko wote, kwa sababu mvua inaiteremsha chini.) Ndiyo maana ushauri wa jirani wa wilaya nyingine unaweza kukupoteza.

Maabara zinapima ile sehemu inayoshikwa juu juu, na kipimo wanachokiandika ni sentimoli kwa kilo ya udongo. Mpaka unaotumika sana ni karibu 0.2. Chini ya hapo, mazao mengi yataonyesha tofauti ukiweka potasiamu. Geuza namba hiyo kuwa kilo: udongo wenye 0.2, kwa kina cha sentimita 20, una kama kilo 75 za potasiamu kwa eka nzima. Sasa irudie ile hesabu ya mzunguko: kilo 63 kwa misimu mitatu. Akiba ya ndani itajazia kiasi, lakini huwezi kuchota hivyo kila mzunguko ukategemea kisima kisikauke.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo cha maabara hakikuambii. Potasiamu haisafiri na maji kuelekea mzizini kama naitreti inavyofanya. Inajisukuma yenyewe polepole ndani ya unyevu, umbali wa milimita chache tu. Kwa hiyo mzizi ndio unaopaswa kuifuata. Udongo ukikauka, njia inakatika, na zao linaweza kuonyesha njaa juu ya udongo wenye potasiamu. Udongo ulioshindiliwa hadi mizizi ikakosa hewa unafanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo mazao yanapoachana. Mahindi na ngano yana mizizi mingi, myembamba, yenye vinyweleo virefu, na yanaweza kukwangua hata sehemu ya ile potasiamu iliyobanwa. Maharage hayawezi kushindana nayo. Yakichanganywa shamba moja penye upungufu, maharage ndiyo yanayoumia kwanza. Kiazi kina hali mbaya kuliko yote: mizizi yake ni michache na mingi iko sentimita 30 za juu, lakini mahitaji yake ni makubwa, tena yanakuja kwa pamoja wakati viazi vinanenepa. Kiazi kinataka kukuta potasiamu imeshawekwa, karibu, kwenye udongo wenye unyevu. Zao lenye uwezo mdogo wa kutafuta ndilo lenye njaa kubwa.

Dalili, kwa ufupi

Mahindi yakikosa naitrojeni, jani la chini hugeuka manjano kuanzia ncha na kushuka katikati kama herufi V. Yakikosa potasiamu, ni kingo za jani la chini ndizo zinazogeuka manjano na kisha kuungua, huku katikati pakiwa bado kijani. Wengi wanaziona kingo zilizoungua wanasema ni jua, wanaongeza urea. Kwenye viazi, majani huwa na kijani kizito kisicho cha kawaida, kisha kingo zinageuka rangi ya shaba na kukauka. Lakini ukiona dalili kwenye viazi, mavuno yameshapungua. Usingoje dalili.

Vyanzo vyenyewe, kwa kipimo kimoja

Watu hulinganisha mbolea kwa bei ya mfuko, na hilo ndilo linalowapotosha. Linganisha kwa kazi. Kazi yetu ni kurudisha kilo 25, yaani kilichoondoka na viazi. Namba tatu za kwenye mfuko ni za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kwa mfuatano huo, na kumbuka kwamba ile ya tatu haisemi potasiamu tupu. Inahesabu oksidi yake, K₂O. Zidisha kwa 0.83 upate potasiamu yenyewe. Kilo 25 za potasiamu ni sawa na kilo 30 za K₂O.

| Chanzo | Kiasi cha kurudisha kilo 25 (mfuko ni wa kilo 50) |
|---|---|
| Mabua makavu ya mahindi | kama tani 2, yaani ya eka moja nzima |
| Samadi kavu iliyotunzwa | tani 1.25 hadi 2.5 |
| Majivu makavu ya kuni (yenye K₂O asilimia 5) | kilo 600 |
| NPK 17-17-17 | mifuko 3 na nusu |
| MOP, kloridi ya potasiamu (0-0-60) | mfuko 1 |
| SOP, salfeti ya potasiamu (0-0-50) | mfuko 1 na kilo 10 |
| Busta (mbolea ya kunyunyizia majani) ya naitreti ya potasiamu (13-0-46) | kilo 65 |

*Mabua.* Ninayaweka juu ya vyote, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo tunapopoteza zaidi. Mabua ya eka moja ya mahindi yana potasiamu sawa na mfuko mzima wa MOP. Tena potasiamu haikujengwa ndani ya nyuzi za mmea kama naitrojeni ilivyojengwa ndani ya protini. Imo kwenye maji ya mmea, peke yake. Kwa hiyo haihitaji kungoja bua lioze. Mvua za mwanzo zikinyesha juu ya bua kavu, nyingi inaoshwa na kuingia ardhini ndani ya wiki chache, wakati bua lenyewe bado linaonekana zima. Ndiyo sababu mahali palipowekwa lundo la mabua, mwaka unaofuata mimea inastawi kwa kijani kilichokolea na kandokando yake ni hafifu. Lundo limekusanya potasiamu ya shamba zima likaimwaga mahali pamoja.

Kwa hiyo: yatawanye. Yakate, yalaze kati ya mistari, na kama unapiga matuta ya viazi msimu unaofuata, yafukie mapema. Mabua mengi makavu yakifukiwa karibu na kupanda hufunga naitrojeni kwa muda, basi ongeza kidogo naitrojeni ya kupandia au yaache yakae juu hadi mvua iyalainishe. Kuyachoma si wizi mkubwa wa potasiamu kama inavyodhaniwa, maana potasiamu nyingi hubaki kwenye majivu. Lakini majivu mepesi hupeperushwa na upepo wa Septemba, naitrojeni na salfa hupaa na moshi, na ardhi inabaki uchi kwa mvua ya kwanza. Sichomi, na sishauri mtu achome.

Na kuna ng'ombe wa jirani. Baada ya mavuno, katika vijiji vingi, shamba linahesabiwa kuwa la wote. Mifugo inaingia, inakula mabua, inalala zizini kwa mwenyewe. Kilichoondoka hapo ni mfuko wa MOP kwa kila eka, na mwenye shamba hakupokea hata toroli la samadi. Jambo hili linaniuma, maana mara nyingi anayepoteza ni mjane au mzee asiye na nguvu ya kulinda shamba. Vijiji vilivyokaa vikakubaliana, mabua kwa samadi, viko sahihi kabisa.

*Samadi.* Kama ng'ombe ni wako, basi mabua hayakupotea, yamehamia bandani. Hapa watu wanatazama mavi na kusahau mkojo. Katika potasiamu yote anayoitoa ng'ombe, kati ya asilimia 70 na 90 inatoka na mkojo. Banda la udongo lisilo na paa, samadi iliyolundikwa nje mvua ikiipiga tangu Novemba hadi Mei, na kile kijito cheusi kinachotoka kwenye lundo kuelekea mfereji: hicho kijito ndicho mbolea. Kilichobaki kwenye lundo kina mboji na fosforasi, na hivyo vina thamani, lakini potasiamu imekwenda.

Samadi iliyotunzwa ina kilo 10 hadi 20 za potasiamu kwa tani kavu. Kutunza maana yake ni mambo matatu tu: sakafu isiyovuja, matandiko ya kutosha (mabua yaliyokatwakatwa, makapi ya maharage, majani makavu) ya kunywa mkojo, na kifuniko juu ya lundo. Mwenye ng'ombe wawili wa ndani akifanya hivyo anaweza asinunue potasiamu kwa eka yake moja ya viazi. Asipofanya, ana lundo kubwa lenye jina la samadi.

*Majivu.* Ni chanzo cha kweli, si hadithi za bibi. Lakini ni kiasi kidogo. Kilo 600 za majivu makavu hazipatikani kwenye jiko la familia, na yaliyopigwa na mvua yameshapoteza potasiamu yake. Tena ubora wake unategemea mti uliochomwa. Nimetumia asilimia 5, na yanaweza kuwa juu au chini ya hapo.

Jambo la kuangalia zaidi ni kwamba majivu hufanya kazi ya chokaa. Yanapunguza uchachu wa udongo. Kwa maharage kwenye udongo mchachu wa Njombe hiyo ni neema mara mbili. Kwa viazi si neema: ukoko, ule ugonjwa unaofanya ganda la kiazi kuwa na magamba, hupenda udongo ambao uchachu umepunguzwa. Basi majivu yapelekwe kwenye maharage au bustani ya mboga, si kwenye tuta la viazi. Usiyachanganye na urea, CAN au samadi mbichi, maana yanafukuza naitrojeni ikapaa kama harufu kali. Na magadi si majivu. Magadi ni chumvi ya sodiamu, hayana kazi shambani kwako.

*NPK 17-17-17.* Mifuko mitatu na nusu kwa eka inaleta kilo 30 za kila kirutubisho kwa lugha ya mfuko. Kwa viazi, ambavyo vinahitaji vyote vitatu, hii si hesabu mbaya, na kwa mtu ambaye hataki kuchanganya mifuko ndiyo njia nyepesi. Lakini wengi wanaweka mfuko mmoja, wanasema "nimeweka potasiamu." Mfuko mmoja una K₂O kilo 8.5. Hiyo inatosha kulipa deni la maharage. Haitoshi kulipa la viazi. Na udongo uliopigwa DAP miaka kumi mfululizo unaweza kuwa na fosforasi ya kutosha. Hapo theluthi ya pesa ya NPK inanunua kitu usichokihitaji.

*MOP na SOP.* Hizi ndizo zinazogombaniwa kwa maneno mengi, na tofauti yake ni moja iliyo muhimu. MOP ni kloridi ya potasiamu, chumvi inayochimbwa. SOP ni salfeti ya potasiamu. Potasiamu iliyomo ni ile ile. Mzizi haujui imetoka wapi. Kwa kila kilo ya potasiamu, MOP kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini, na mara nyingi kwa mbali.

Kloridi ndiyo yenye maneno. Kiazi kilichokula kloridi nyingi huvuta maji, na kiwango chake cha vitu vikavu hushuka. Anayekaanga chipsi anataka kinyume chake: kiazi kikavu, kisichonywa mafuta. Kwa hiyo kama una soko la chipsi au la kiwanda linalopima ubora na kulilipia, SOP inalipa, na inakuletea salfa pia, asilimia 17 au 18 ya mfuko. Tumbaku ndiyo isiyovumilia kloridi kabisa, kwa sababu jani linakosa kuwaka vizuri. Lakini kama viazi vyako vinauzwa kwa gunia na hakuna anayepima ila ukubwa, sioni sababu ya kulipa zaidi. Weka MOP, na uiweke wiki mbili au tatu kabla ya kupanda, ili mvua ipate kuteremsha kloridi chini wakati potasiamu inabaki imeshikwa na udongo. Kwenye udongo wa kichanga, igawe: nusu mapema, nusu wakati wa kupandishia udongo.

Isiguse mbegu. MOP ni chumvi, na chumvi iliyo karibu na jicho la mbegu au punje ya maharage huiunguza. Itandaze na kuichanganya na udongo wa tuta, au iweke kwenye mfereji kisha ifunike kwa udongo kabla ya kuweka mbegu.

*Busta.* Chupa na pakiti za kunyunyizia majani zimejaa madukani na maneno yake ni matamu. Hesabu yenyewe: naitreti ya potasiamu kwa asilimia 2, lita 200 kwa eka, ni kilo 4. Ndani yake mna K₂O isiyozidi kilo 2. Kufikisha 30 unyunyize mara 16. Kwa zao lililokwama kwenye ukame mfupi, wakati mizizi haifikii kitu, mnyunyizio mmoja au miwili unaweza kusogeza mambo. Kama chakula cha kiazi, hapana.

Nani achague nini

Usiye na mifugo na mabua ni yako: acha mabua yote shambani, weka mfuko mmoja wa MOP kwenye eka ya viazi, na mfuko mmoja wa NPK au majivu ya nyumbani kwenye maharage. Mahindi yanayofuata viazi yatakula mabaki ya MOP. Huna haja ya kuyanunulia mengine. Mabua yake yakirudi ardhini yanaishika potasiamu hiyo hadi zamu nyingine.

Mwenye ng'ombe wa ndani: pesa ya kwanza iende kwenye sakafu na kifuniko cha lundo, ndipo ufikirie mfuko. Samadi yote ipeleke kwenye viazi, si kidogo kidogo kila mahali. Ukiona haifiki tani mbili kavu kwa eka, jazia kwa nusu mfuko wa MOP. Na kama unakata majani ya tembo kila wiki kingoni mwa shamba, rudisha samadi pale pia. Majani hayo yanahamisha potasiamu nyingi kuliko zao lolote tulilolitaja.

Anayeuza mabua au kuyaacha kwa makubaliano: hesabu bei yake kwa mfuko wa MOP. Ukipewa chini ya bei ya mfuko mmoja kwa eka, umeuza hasara. Na uongeze hili: mmea ukikuta potasiamu nyingi huinywa kupita haja yake, bila kuongeza mavuno, na ziada hiyo inakaa kwenye mabua. Shamba lililowekewa vizuri msimu wa viazi hutoa mabua yenye utajiri zaidi, na ndiyo mabua yasiyofaa kuuzwa.

Shamba la kukodi ndilo gumu. Mwenye msimu mmoja hana sababu ya kujenga akiba ya mtu mwingine, na mwenye ardhi anarudishiwa shamba lililochotwa. Kwa mpangaji, MOP kwenye viazi inamlipa ndani ya msimu ule ule kama udongo uko chini ya mpaka, kwa hiyo aiweke kwa faida yake mwenyewe. Kwa mwenye ardhi, naomba aandike kwenye makubaliano kwamba mabua hayatoki. Ni mstari mmoja tu.

Ambaye kipimo chake kimekuja juu, tuseme 0.5 au zaidi: usinunue. Potasiamu ikizidi inazuia magnesiamu kuingia kwenye mmea, na utakuwa umelipia tatizo jipya. Tunza mabua, pima tena baada ya mzunguko mmoja, uone namba inakwenda wapi. Na aliyeweka chokaa nyingi hivi karibuni ajue kwamba kalsiamu inashindana na potasiamu mlangoni mwa mzizi. Huyo apime kabla ya mwaka wa viazi bila kukosa.

Kupima, basi. Vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI, yaani TARI Uyole hapo Mbeya, TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro ni mahali pa kuulizia. Chukua udongo sehemu 15 au zaidi kwa eka, ukitembea kwa mtindo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha upunguze hadi nusu kilo. Chukua baada ya mavuno na kabla ya kuweka mbolea yoyote. Ruka mahali palipochomwa moto, mahali ng'ombe walipolala, na mahali palipokaa lundo la mabua. Kijiko kimoja cha udongo kutoka chini ya lundo kitaifanya eka nzima ionekane tajiri.